Dalali Alipwe Siku ya Cheti

Kiswahili kimempa mtu mmoja majina mawili. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi huitwa dalali, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kuonyesha njia. Huku kwetu Rumonge na Bujumbura, na hata ng'ambo ya ziwa kule Uvira, wengi humwita komisioneri, neno tulilolipokea kupitia Kifaransa, nalo linataja bila haya kile anachokitafuta, yaani komisheni. Jina la kwanza linaeleza kazi yake. La pili linaeleza malipo yake. Makala haya yanahusu umbali uliopo kati ya kazi hiyo na malipo hayo, kwa kuwa ndani ya umbali huo familia huweza kupoteza akiba ya miaka ishirini kwa asubuhi moja.

Hoja yangu ni hii. Katika ununuzi wa nyumba au kiwanja, dalali asilipwe siku fedha zinapohesabiwa. Alipwe siku mnunuzi anapokabidhiwa cheti chenye jina lake. Nayo serikali, badala ya kumwona mnunuzi wa nyumba ya kwanza kama mfuko wa kuchotea kodi, impunguzie gharama za kukifikia cheti hicho. Madai haya mawili yanaonekana kuwa tofauti, lakini moja halisimami bila ya jingine.

Kwanza nimtendee dalali haki. Mvuvi anayekesha ziwani akisaka ndagala na mukeke hana mchana wa kuzunguka mitaa akiuliza nani anauza. Mama anayechuuza mawese kati ya Rumonge na Bujumbura, mwendo wa zaidi ya kilomita 70, hawezi kulifunga duka lake wiki nzima. Mzaliwa wa hapa anayefanya kazi Kigoma, Nairobi au Ulaya huletewa picha za kiwanja kwa simu na hana macho mengine ila ya dalali. Dalali anajua nani anahama, nani amefiwa, nani amebanwa na deni. Ujuzi huo ni kazi halali, na kazi halali inastahili ujira.

Tatizo halipo katika ujira, lipo katika siku ya kuulipa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanja kinauzwa faranga milioni 20, na dalali ameahidiwa sehemu 5 kwa mia. Biashara ikifungwa, anapata milioni 1. Sasa tuseme anajua kwamba ndugu wawili wa muuzaji hawajakubali mauzo hayo. Akimwambia mnunuzi, biashara inavunjika na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu. Akinyamaza, anapata milioni yake. Tena, bei ikipanda hadi milioni 24, ujira wake nao unapanda. Mnunuzi anadhani amempata mtetezi, kumbe mtetezi huyo hulipwa zaidi kadiri mnunuzi anavyoumia, na hulipwa bora zaidi akikaa kimya. Hapana haja ya kumwita mwizi. Hata mtu mwema, akiwekwa katika utaratibu kama huo kila siku, atajifunza kunyamaza.

Lugha yetu iliuona mtego huu zamani. Fedha za kutangulia, zile zinazotolewa ili bidhaa asiuziwe mwingine, huitwa rubuni. Na kitenzi kurubuni ni kumshawishi mtu kwa hila hadi aingie mahali asipopapenda. Mwanafunzi wa Kiswahili asisahau kwamba maneno hayo mawili yana umbo moja. Mnunuzi akishatoa rubuni, akili yake hubadilika: haulizi tena kama kiwanja ni kizuri, anauliza tu lini atamaliza kulipa.

Nao wimbo wa dalali ni mmoja: "Kiwanja hiki hakina maneno, mzee." Mimi nasema, katika mwambao huu, kuanzia Magara na Minago hadi Kizuka na Nyanza-Lac, ni vigumu kupata kipande cha ardhi kisicho na maneno. Kinachotofautiana ni kama maneno hayo yamesemwa kabla ya fedha kutoka au baadaye. Yako maneno ya aina tatu.

Maneno ya kwanza ni ya watu waliokimbia. Mwaka 1972 machafuko na mauaji yaliikumba nchi yetu, na ukanda huu wa kusini uliumia mapema na vibaya. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi miongo katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ardhi waliyoiacha haikukaa tupu. Mingine ilikaliwa na majirani au wageni, mingine ikagawiwa na wenye mamlaka, mingine ikaingizwa katika mashamba ya michikichi. Kisha ikauzwa, ikarithiwa, ikauzwa tena. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliahidi kwamba mkimbizi anayerejea apate ardhi yake au fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, inayojulikana kwa herufi CNTB. Katika miaka yake ya mwanzo tume hiyo ilielekea kuwagawanya pande mbili ardhi moja. Baadaye ikashika njia ya kumrudishia aliyekimbia ardhi yote. Mwaka 2014 ikaongezwa mahakama maalumu ya mashauri hayo, na mwaka 2022 muda wa tume ukamalizika.

Fikiri juu ya hali ya mtu aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa mtu aliyenunua kwa nia njema. Hakumfukuza yeyote. Alilipa kwa jasho lake. Hata hivyo, mwenye asili alirejea, akaonyesha mwembe uliopandwa na babu yake, na haki yake nayo ilikuwa haki. Wenye haki wawili walikutana juu ya sakafu moja, na aliyewakutanisha, yule aliyesema hakina maneno, hakuwapo. Malipo yake yalikuwa yamekwisha kuliwa.

Maneno ya pili ni ya ziwa. Sheria ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012 inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika kuwa sehemu ya mali ya umma. Kwa mito inayomwaga maji ndani ya ziwa hilo, ukanda ni mita 25. Hapo si mahali pa mtu kumuuzia mwenzake. Lakini ni hapo hapo ambapo dalali humpeleka mteja jioni, jua likizama upande wa milima ya Kongo, na upepo ukimsaidia kuuza. Ziwa hili halikubaliani na madalali. Lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kalemie, na mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji hupanda na kukaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1964. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2024, maji yalipokikaribia kiwango kile cha 1964 na kuzifikia nyumba, barabara na bandari za ufukoni. Aliyenunua mwaka 2015 aliambiwa, "Maji hayajawahi kufika hapa." Wazee waliokumbuka 1964 hawakuulizwa, kwa sababu wazee hawana komisheni.

Maneno ya tatu ni ya familia. Katika nchi yetu mirathi ya ardhi bado inaongozwa zaidi na mila kuliko maandishi. Shamba la ukoo, lile tuitalo itongo kwa Kirundi, lina sauti nyingi ndani yake: ndugu aliyeko Uvira, mjane aliyebaki akilima, dada aliyeolewa na kuachika akarudi, mtoto ambaye hajafikisha umri. Muuzaji mmoja akijitokeza na kusema "ni changu," huenda anasema kweli kwa robo. Mwenye robo akiuza kizima, mnunuzi hununua kesi. Hapo ndipo ule msemo wetu wa mbuzi kwenye gunia unapopata maana yake kamili: gunia linatikisika, mnunuzi anaridhika kwamba ndani mna kitu hai, lakini hajui ni mbuzi wa nani.

Sasa, je, hakuna chombo cha kuyafanya maneno haya yasemwe mapema? Kipo. Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 ilitambua huduma za ardhi za tarafa, au komini kama tusemavyo mitaani, na kuzipa uwezo wa kutoa cheti cha ardhi. Juu yake ipo hati ya miliki inayotolewa na Mhifadhi wa Hati za Ardhi. Uzuri wa cheti cha tarafa hauko katika muhuri. Uko katika njia inayopitiwa kabla ya muhuri: kamati ya utambuzi ya kilima hufika mahali penyewe, majirani wakawapo, mipaka ikaonyeshwa kwa kidole, na mwenye pingamizi akapewa nafasi ya kulitamka. Huo ndio wakati wa ndugu wa Uvira kusikika. Huo ndio wakati wa mjane kusema hapana. Huo ndio wakati wa kupima mita 150. Cheti ni karatasi tu. Kinacholinda ni maneno yaliyosemwa mbele ya watu kabla hakijaandikwa.

Kwa nini basi wengi hawafiki huko? Kwa sababu kila mtu katika biashara ameshamaliza kazi yake mapema. Muuzaji ameshika fedha. Dalali ameshika komisheni. Mashahidi wamekunywa kinywaji chao cha shukrani. Amebaki mnunuzi peke yake, mfuko mtupu, akitazama ada, gharama za vipimo, kodi ya kuhamisha miliki, na safari za kwenda na kurudi ofisini. Anaiweka karatasi ya mauzo ndani ya sanduku, chini ya nguo, na kusema atashughulikia mwakani. Nayo karatasi ile huzeeka. Kiwanja kilichouzwa hapa mwaka 2012 kiliandikwa kuwa kiko mkoa wa Bururi. Kilichouzwa mwaka 2018 kiliandikwa mkoa wa Rumonge, ulioundwa mwaka 2015. Leo, baada ya mageuzi yaliyoipunguza mikoa hadi 5 na tarafa hadi 42, tuko katika mkoa wa Burunga. Ardhi haikusogea hata hatua moja, lakini karatasi tatu zinazoielezea zinataja mikoa mitatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ningeongeza kwamba daftari lililofungiwa sandukuni ni sawa na kutokuwapo.

Hapa ndipo linapoingia suala la kodi. Nchi nyingine humsaidia mnunuzi wa nyumba kwa kumpunguzia kodi. Nchini Kenya, mtu anayelipa mkopo wa nyumba anayoishi huruhusiwa kuondoa riba ya mkopo huo katika mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa 2024. Nchini Marekani, baada ya soko la nyumba kuporomoka, serikali ilitoa mwaka 2009 nafuu ya hadi dola 8,000 kwa aliyenunua nyumba ya kwanza. Msomi wa kwetu akiyasoma hayo hutamani tuyaige. Mimi nasema tusikimbie. Nafuu ya riba humfaa mwenye mkopo wa benki na karatasi ya mshahara. Mvuvi wa Rumonge hana hiki wala kile. Na nafuu ya fedha taslimu, pasipo daftari la kuaminika, huishia mfukoni mwa mjanja. Hata Marekani, yenye madaftari ya kila aina, wakaguzi wa Hazina walikuta kwamba miongoni mwa walioidai nafuu ile alikuwamo mtoto wa miaka 4. Kwetu sisi, ambako muuzaji mmoja anaweza kuwauzia watu wawili kiwanja kimoja, nani angehesabu?

Nafuu tunayoihitaji ni ndogo na iko karibu zaidi. Mtu anayenunua nyumba au kiwanja chake cha kwanza cha kuishi asitozwe ada ya cheti cha tarafa, na kodi ya kuhamisha miliki ipunguzwe kwake akijiandikisha ndani ya muda uliowekwa. Serikali itauliza itapata wapi fedha. Nami nitaiuliza inapata nini leo kutoka kwa mauzo yanayofichwa sandukuni, au kutoka kwa bei inayoandikwa nusu ili kodi ipungue. Mwenye cheti huweza kupatikana kesho na kesho kutwa kulipa kodi ya ardhi. Asiye na cheti hapatikani.

Lakini nafuu hiyo pekee haitoshi, ikiwa mtu mwenye nguvu kuliko wote sokoni hana sababu ya kuitumia. Ndiyo maana ninarudi kwa dalali. Akilipwa siku ya cheti, mambo yote yanageuka. Kabla ya kumtembeza mteja, atamuuliza muuzaji: "Mkeo anajua? Ndugu zako wako wapi? Nani alikaa hapa kabla ya 1972?" Hatauliza kwa kuwa ametubu. Atauliza kwa kuwa kiwanja chenye maneno yasiyosemwa kitamnyima ujira. Kiwanja kilicho ndani ya mita 150 hatakigusa, maana anajua hakiwezi kupata cheti. Nguvu zile zile zilizokuwa zikinyamazisha maneno zitaanza kuyatafuta.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema: dalali ni kijana asiye na kazi nyingine, akisubiri miezi, atakula nini? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba alipwe posho ndogo ya nauli na muda wake, iliyokubaliwa tangu mwanzo, biashara ikifungwa au isifungwe. Kilichobaki kiwekwe katika chama cha akiba na mikopo, COOPEC au kingine, kwa makubaliano kwamba hakitoki pasipo saini ya mnunuzi na nakala ya cheti. Fedha zipo, anaziona, hazimkimbii.

Wa pili atasema: ofisi zetu ni za polepole, na dalali atahonga ili ziende mbio. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini itazameni hali ya sasa: mtu pekee anayejua kufuatilia, kusukuma na kurudi mara kumi hana faida yoyote ofisi ikienda haraka. Mnunuzi akienda peke yake hurudishwa kesho. Wakienda madalali ishirini wanaodai kazi yao, ofisi itasikia. Ama hongo, dawa yake ni ada zibandikwe ukutani kwa Kirundi na Kiswahili, na kila faranga itolewe risiti. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji karatasi na gundi.

Wa tatu, naye ninamheshimu zaidi, atasema: tangu zamani neno la bashingantahe lilitosha. Liliwekwa mbele ya watu, nao hawakusahau. Kweli, na sitaki liondoke. Kamati inayofika shambani na majirani wakashuhudia ni mtoto wa utaratibu ule ule. Lakini mashahidi hufa, na katika nchi yetu mashahidi waliuawa na wengine wakakimbia. Neno la wazee lisipoandikwa siku ile, mjukuu atabaki akionyesha mwembe.

Wa nne atanikumbusha kwamba cheti chenyewe kinaweza kuwa silaha, kwamba mwenye mkono mrefu anaweza kukipata juu ya ardhi ya aliyekimbia. Nakubali. Ndiyo maana sidai cheti cha haraka, nadai cheti kilichotangazwa. Tangazo lisomwe sokoni, msikitini, kanisani na redioni, na lifike pia kwa watu wetu walioko Kigoma. Cheti kilichopatikana kimya kimya hakina tofauti na kiwanja kisicho na maneno.

Wanafunzi wangu, huenda hamna fedha za kununua kitu leo. Lakini katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaosoma na kuandika vizuri kuliko wote, na siku ya mauzo mtaitwa kushika kalamu. Msiandike bei na majina tu. Andikeni pia nani aliulizwa, nani hakuwapo, na ufuko uko umbali gani. Kisha ongezeni sentensi hii, nayo ni Kiswahili chepesi: "Komisheni ya dalali italipwa siku mnunuzi atakapopokea cheti cha ardhi chenye jina lake, na si kabla ya siku hiyo." Dalali akikataa kutia saini, mwulizeni kwa adabu anajua nini ambacho ninyi bado hamjakijua.